Saa Isiyo na Shahidi: Daftari la Rubani na Suala la Tadlis



Swali ninalotaka tulitazame ni hili: mtu akiandika jambo lenye sehemu ya ukweli ndani yake, na hakuna mwanadamu anayeweza kumkanusha, je, ameongopa? Najua wengi tutajibu haraka. Naomba tusiharakishe, kwa sababu mfano nitakaoutumia hautoki sokoni wala mahakamani, mahali ambapo vitabu vyetu vya fiqhi vimeshapita mara nyingi. Unatoka angani, ndani ya ndege ndogo ya viti vinne.

Mwenye mfano huo ni mtoto wa baba yangu mdogo, kijana wa kwetu Omugo. Kizungu kingemwita binamu, lakini kwetu ni ndugu tu. Anasomea urubani katika chuo kimoja nje ya Uganda. Si kile cha Soroti kilichoanzishwa mwaka 1971 enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, na jina la hicho chake sitalitaja. Kumpeleka huko, baba mdogo aliuza ng'ombe, akaongeza pesa za tumbaku za misimu miwili, kisha akaweka rehani kipande cha shamba. Saa chache za ndege hiyo zinatosha kulipa karo yangu ya muhula mzima. Lishikeni jambo hili, kwa sababu bila hilo mtaona tunabishana juu ya kitu kidogo.

Rubani anapopata leseni ya kwanza huruhusiwa kuruka kwa kutazama nje. Anaiona ardhi, anaona mstari ambapo mbingu na ardhi hukutana, na kwa mstari huo anajua kama mabawa yake yako sawa. Wingu likimfunika, leseni hiyo haimsaidii tena. Anahitaji kibali cha pili, cha kuruka kwa vipimo, yaani kwa kusoma saa zilizopangwa mbele yake: kasi, mwinuko, dira, kiwango cha kupanda na kushuka, kipimo cha kugeuka, na ile yenye picha ndogo ya ndege juu ya upeo wa kuchora. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, limeweka kiwango katika Kiambatisho cha 1 cha Mkataba wa Chicago: anayetaka kibali hicho awe ameruka safari za mbali saa 50 akiwa rubani mkuu, na awe na saa 40 za kuruka kwa vipimo. Katika hizo 40, zisizozidi 20 zaweza kufanywa ardhini, au 30 ikiwa simuleta inayotumika ni ile kamili.

Lakini wingu halipatikani kwa kuagiza. Siku nyingi mbingu ni nyeupe, na mwanafunzi analipia ndege kwa saa. Kwa hiyo huvalishwa kofia yenye ukingo mrefu, au miwani iliyozibwa nusu ya juu, asione kitu ila vipimo. Mwalimu aliye pembeni ndiye anayetazama nje wasije wakagongana na mtu. Wakishatua, kila mmoja anachukua kalamu. Daftari la rubani lina safu nyingi: jumla ya safari, saa za mchana, saa za usiku, saa na mwalimu, saa za kuwa rubani mkuu, saa za vipimo ndani ya wingu halisi, saa za vipimo chini ya kofia. Saa huandikwa kwa desimali, ambapo 0.1 ni dakika 6. Mwanafunzi anaandika, mwalimu anatia saini.

Safu ya vipimo inatofautiana na safu zote nyingine kwa jambo moja. Kwamba ndege iliruka, mnara wa uwanja unajua. Kwamba iliruka saa moja na nusu, mita ya injini inajua, na mafuta yaliyopungua yanajua. Kwamba macho yako yalikuwa ndani na si nje, nani anajua? Hata mwalimu hajui vizuri, kwa maana yeye anatazama nje. Ukingo wa kofia una pembe, na shingo ina uhuru wake. Saa hiyo ina shahidi mmoja wa kibinadamu, naye ndiye mwenye kufaidika na ushahidi wake. Mwanafunzi yeyote wa somo la ushahidi atakwambia kwamba kadhi angeutilia shaka ushahidi wa namna hiyo kabla hata hajausikiliza.

Mwezi wa Shaaban ndugu yangu alinitumia ujumbe. Tangu niingie masomo ya Kiislamu ananiita Shehe, kwa utani. Aliandika: "Shehe, wewe ndiye unayesoma fiqhi. Nisaidie." Walikuwa wameruka saa 1.5. Chini ya kofia alianza vizuri, kisha joto na mtikisiko vikamletea kichefuchefu, akaivua. Kwa dakika kama 24 akaruka akitazama nje, huku akirudi mara kwa mara kwenye vipimo. Halafu akaivaa tena hadi walipokaribia kutua. Kwa hesabu yake, kofia ilikuwa kichwani saa 0.9. Mwalimu akaandika 1.3 na kutia saini. Alipomuuliza, mwalimu akajibu kwa wema kabisa: si ulikuwa unaendelea kusoma vipimo? Basi ulikuwa unaruka kwa vipimo. Akaongeza kwamba kila mtu anafanya hivyo, na kwamba pesa hazirudi.

Tazameni ugumu wake. Mwalimu hakubuni safari. Kijana hakulala. Vipimo alivisoma kweli. Kinachobishaniwa ni 0.4.

Kabla ya kuhukumu inabidi tujue saa hizo 40 zinakusudiwa kufanya nini ndani ya mtu, maana kama lengo ni kujifunza kusoma mishale sita, hiyo ni kazi ya jioni mbili darasani. Ndani ya sikio la mwanadamu Allah (s.w.) ameweka mifereji mitatu midogo yenye majimaji, nayo hutwambia tunageuka wapi. Kwa mtu anayetembea kwenye njia za Omugo, chombo hicho ni neema isiyo na dosari. Lakini ndege ikianza kugeuka polepole na kuendelea hivyo, baada ya muda mfupi majimaji hayo hutulia, na mwili huapa kwamba unakwenda moja kwa moja. Ukiirudisha ndege sawa, mwili huapa kwamba sasa ndiyo umelalia upande wa pili. Asiye na mazoezi hutii mwili, akairudisha ndege kwenye mgeuko, na ndege inashuka huku ikizunguka kama maji yanayoingia kwenye tundu.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwajaribu marubani 20 wasio na mazoezi ya vipimo kwa kuwanyima uoni wa nje. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178, pungufu kidogo ya dakika tatu. Ukisoma Surat al-Fatiha kwa utulivu mara chache, muda huo umekwisha.

Na si lazima liwe wingu. John F. Kennedy mdogo, mtoto wa rais aliyeuawa, alianguka baharini karibu na Martha's Vineyard tarehe 16 Julai 1999, akiwa na mkewe na shemeji yake. Alikuwa amekwishaanza masomo ya kibali hikihiki cha vipimo na hajayamaliza. Kisheria usiku ule uliruhusu kuruka kwa kutazama nje. Ila kulikuwa na ukungu mwembamba na giza juu ya maji, na mstari wa upeo ukatoweka. Wachunguzi wa Marekani walisema alipoteza mwelekeo. Sisi wa West Nile hatuhitaji bahari kulielewa hilo. Kiangazi, nyika zinapochomwa kuanzia kwetu hadi Sudani Kusini, kuna siku unasimama Omugo na Mlima Wati, ulio hapohapo Terego, umefutika kana kwamba haujapata kuwepo. Rubani anayeleta wagonjwa na maofisa Arua siku hiyo anatazama maziwa mtindi.

Tena kibali peke yake hakitoshi. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, Boeing 737-800 ya Kenya Airways iliondoka Douala, Kamerun, kwenda Nairobi ikiwa na watu 114. Marubani wake wote walikuwa na vibali. Ripoti ya uchunguzi inasema kwa sekunde 55 hakuna aliyekuwa ameshika usukani, na mtambo wa kujiendesha ulikuwa haujawashwa, huku ndege ikilalia kulia kidogo kidogo. Nje ilikuwa giza tupu, na mgeuko ulikuwa wa polepole mno kwa sikio kuutambua. Vipimo vilikuwa vinasema ukweli muda wote. King'ora kilipolia, ndege imeshalala digrii 34, na mkono ulioukamata usukani uliuzungusha kwanza kulia, kule kule inakoangukia. Hakuna aliyenusurika. Sitaki kuwahukumu watu waliotangulia. Nataka tuone tu kwamba hata mtu mwenye maelfu ya saa, kwa dakika moja ya mshtuko, anaweza kurudi kwa lile ambalo mwili unamwambia.

Kwa hiyo saa ya vipimo ni saa ya kuukatalia mwili, na mwili haukataliki kwa kuelezwa. Imam Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria, anasimulia katika al-Munqidh min al-Dhalal jinsi alivyoanza kuzishuku hisi zake. Jicho linakitazama kivuli na kusema kimesimama, ilhali kinatembea. Linaitazama nyota na kuiona ndogo kama sarafu ya dinari, ilhali hesabu zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Tulipoisoma sehemu hiyo mwaka wa pili nilidhani ni mchezo wa wanafalsafa. Sikuwa nimefikiria kwamba kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni hiyo: hisi inashuhudia jambo moja, kipimo kinashuhudia jingine, na una sekunde chache za kuchagua utamwamini nani.

Wala rubani haamini kipimo kwa upofu. Kipimo kinaweza kufa. Anafundishwa kuzungusha macho: upeo wa kuchora ukisema ndege imelala kushoto, dira lazima iwe inazunguka kushoto, na kipimo cha kugeuka lazima kikubali. Kimoja kikisema peke yake kinyume na wenzake, hicho ndicho kinachoshukiwa. Waliosoma mustalah wameshatambua hapa jinsi wanahadithi wanavyoipima riwaya ya mpokezi mmoja kwa riwaya za wenzake. Lakini uzungushaji huo wa macho ni tabia, na tabia hujengwa kwa dakika ambazo hukuwa na dirisha la kukimbilia. Dakika ambayo unaweza kuinua macho ukaona kilima haifundishi kitu kilekile, hata kama vipimo umevisoma vizuri kuliko siku zote. Kichefuchefu cha ndugu yangu ndicho kilichokuwa somo lenyewe. Alipovua kofia, somo lilisimama. Simlaumu kuivua; kutapika ndani ya chumba kile si adabu kwa mwalimu. Nasema tu kwamba lilisimama.

Sasa turudi kwenye 0.4. Niliona kwamba neno "uongo" halilingani vizuri na jambo hili, na nikaona wanazuoni wetu wana neno linalolingana. Neno hilo ni tadlis.

Mpokezi wa hadithi, kama tujuavyo, hutakiwa mambo mawili: uadilifu, yaani dini na tabia yake, na dhabti, yaani usahihi wake wa kuhifadhi. Mudallis huweza kuwa navyo vyote viwili. Anachofanya ni hiki: amekutana na shekhe fulani na amesikia mengi kwake, lakini hadithi hii moja ameipata kwa mtu wa kati, pengine dhaifu. Hasemi "amenisimulia", kwa sababu hapo angeongopa. Anasema "kutoka kwa fulani", na kukuacha wewe msikilizaji udhani alisikia kwa masikio yake. Kila neno lake linaweza kutetewa. Ila umbo la maneno limepangwa ili ujaze mwenyewe kile ambacho hakikutokea.

Shu'ba bin al-Hajjaj, aliyefariki mwaka 160 Hijria, alikuwa mkali sana katika hili. Imepokewa kwamba alikuwa akikaa mbele ya Qatada na kumtazama mdomo. Qatada akisema "amenisimulia", Shu'ba anaandika, na akisema vinginevyo, kalamu inapumzika. Qatada alikuwa kipofu tangu kuzaliwa na miongoni mwa watu wenye kumbukumbu kali kuliko wote wa zama zake. Hakuna aliyemwita mwongo. Bado Shu'ba alimtazama mdomo. Na Imam al-Shafi'i, kama Ibn al-Salah anavyonukuu, aliona kwamba mtu akijulikana kufanya tadlis hata mara moja, hakubaliwi tena mpaka aseme wazi kwamba alisikia. Ajabu ni kwamba kanuni za anga za Marekani zimekwenda mbali zaidi: kuingiza jambo la udanganyifu katika daftari la saa, hata mara moja, ni sababu ya kutosha kumnyang'anya rubani leseni zake.

Safu ya vipimo ni sawa na kusema "amenisimulia". Inadai kupokea moja kwa moja. Anayeandika 1.3 humo anamwambia kila atakayelifungua daftari kwamba kwa saa moja na dakika kumi na nane hakuwa na njia nyingine ya kujua mabawa yako wapi. Kwa dakika 24 alikuwa nayo. Kwamba alitazama vipimo pia hakubadilishi kitu, kama ambavyo kukutana na shekhe hakubadilishi kitu kwa hadithi ambayo hukuisikia kwake.

Kuna hoja mbili zenye uzito upande wa pili, na nisingependa kuzipita.

Ya kwanza ilitoka kwa baba mdogo mwenyewe, kwa simu, baada ya habari kumfikia. Alisema: hiyo 40 ni nambari ya nani? Imeteremshwa? Kama simuleta iliyo ardhini inahesabiwa saa 20 nzima, nyie mnagombania dakika 24? Kisha mtihani upo, mkaguzi atampanda naye, akiweza ameweza. Mimi niliitikia "Ndiyo, Baba," kwa sababu kwetu mtoto habishani na baba yake kwenye simu. Lakini hoja ilinikalia siku kadhaa, maana ni kweli kwamba 40 ni makubaliano ya watu. Kamati nyingine ingeweza kusema 35 au 50.

Jibu nililolipata liko katika soko la Arua. Ufuta na karanga huuzwa kwa kopo. Ukubwa wa kopo haukuteremshwa. Ni makubaliano ya wauzaji na wanunuzi, na mji mwingine una kopo jingine. Muuzaji anaweza kutangaza kopo dogo na hakuna wa kumlaumu. Lakini akilibonyeza kitako kwa ndani na kuliuza kwa jina la kopo zima, hapo ameingia katika lile ambalo Surat al-Mutaffifin imelifungulia kwa onyo. Makubaliano ya binadamu ndiyo yaliyofanya punguzo liwe dhuluma, kwa sababu mnunuzi aliamini makubaliano. Na ile simuleta ina safu yake na jina lake. Haijifichi ndani ya safu ya ndege. Ama mkaguzi, yeye humwona mtu kwa saa moja au mbili siku anayojua anakaguliwa. Ndiyo maana kanuni zimetaka mtihani na saa pamoja, wala hazikuacha kimoja kitoshe. Kumbukeni pia habari ya Mtume (s.a.w.) sokoni, alipotia mkono ndani ya lundo la nafaka na vidole vikatoka na unyevu. Muuzaji alikuwa na udhuru: ni mvua. Mtume hakubishana naye juu ya mvua. Aliuliza kwa nini ule unyevu haukuwekwa juu watu wauone.

Hoja ya pili ni ya dharura, na hii ilinigusa zaidi. Ng'ombe wamekwenda. Shamba liko rehani. Kila 0.4 inayofutwa ni pesa ya watu wanaolima kwa jembe la mkono. Je, sharia haina huruma? Inayo. Lakini tumefundishwa kwamba dharura hupimwa kwa kadiri yake na kwamba dhara haliondolewi kwa kumtwisha mwingine dhara. Nikajiuliza: haki hii ni ya nani? Mtu akikudai shilingi laki moja, unamjua, unaweza kumfuata ukamlipa au ukamwomba akusamehe. Mdai wa dakika hizi 24 ni nani? Si mwalimu, wala chuo, wala mamlaka ya anga. Ni mtu atakayepanda ndege hiyo miaka kumi ijayo, pengine mama mjamzito wa Omugo anayekimbizwa Entebbe, pengine mmoja wa wale waliokuja kwetu kutoka Sudani Kusini mwaka 2017 wakapewa makazi hapo Omugo. Huwezi kumwomba msamaha leo kwa sababu hajulikani. Wala hajui kwamba anakudai. Katika fiqhi tuna milango mingi ya kumaliza deni. Kwa mdai wa namna hii sikuona mlango ila kuacha kumkopa.

Niongeze suala dogo ambalo limenifurahisha, ingawa liko pembeni kidogo. Mwaka 1984 mwanasheria wa mamlaka ya anga ya Marekani aliulizwa: rubani akiruka juu ya bahari usiku usio na mwezi, hakuna wingu, hewa ni safi, lakini hakuna taa wala upeo, je, anaweza kuandika saa hizo kuwa za vipimo halisi? Kisheria hali ya hewa ni njema. Jibu lilikuwa kwamba inawezekana. Uamuzi kwa sehemu unategemea busara ya rubani mwenyewe, na ni vizuri aandike sababu ndani ya daftari. Yaani sheria ya watu wasiomtaja Allah katika vifungu vyao ilifika mahali ikamwachia mtu dhamiri yake, ikamtaka aonyeshe dalili. Ni ijtihadi yenye sharti la kutaja hoja. Basi na ndugu yangu naye angeweza kuandika "0.9 chini ya kofia, 0.4 kwa kuchanganya" pembeni, na hakuna safu ingemkataza.

Na tusijifanye kwamba jambo hili ni la marubani. Hapa hapa chuoni kuna karatasi ya mahudhurio inayopita ikiwa na saini za watu waliolala bwenini. Kuna vitabu vya mafunzo kazini vya wiki nane vilivyojazwa usiku mmoja, kwa kalamu moja na mwandiko usiochoka, kisha msimamizi akatia saini zote kwa mkupuo. Tunaovijaza ni sisi ambao asubuhi tunasoma kuhusu Kiraaman Katibin. Mwalimu wa kesho, muuguzi wa kesho, kadhi wa kesho, wote wana saa zao za kofia ambazo hakuna aliyeona macho yao yalikuwa wapi. Tofauti ni kwamba darasa la mwalimu mbovu halianguki kwa sekunde 178. Linaanguka kwa miaka, na hakuna mchunguzi anayetumwa.

Mimi si mufti, na nilimwambia hivyo. Nilimpa rai yangu tu: aandike 0.9. Katika daftari la rubani hafuti mtu wala kupaka rangi nyeupe. Hupitisha mstari mmoja juu ya kilichokosewa ili kibaki kinasomeka, huandika sahihi pembeni, na kutia saini. Alifanya hivyo, na kabla ya kufanya alimwendea mwalimu faragha, akamweleza kwa heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu. Mwalimu hakukasirika. Alicheka, akasaini marekebisho, akasema vijana wa siku hizi wana pesa.

Kilichobaki ni kizito kuliko 0.4, nami sijakimaliza. Mwalimu huyo ana wanafunzi wengine saba. Kwa kauli yake mwenyewe, kila mtu anafanya hivyo. Ndugu yangu sasa anajua jambo ambalo abiria wa wenzake hawalijui. Nasaha ya faragha ameshaitoa. Akienda mbele kwa wakuu wa chuo, huenda akapoteza nafasi yake na ng'ombe wa baba mdogo pamoja nayo, na ushahidi wake ni maneno ya mzaha yaliyosemwa kando ya ndege. Akinyamaza, mdai wangu yule asiyejulikana anaongezeka mara saba. Mimi ninaelekea kuona kwamba kutoa nasaha mara moja hakumwondolei wajibu wakati dhara ni la watu wengine, na kwamba arudi kwa mwalimu safari hii na mwenzake mmoja wanayekubaliana, wawe wawili, kabla ya kupanda juu zaidi. Baba mdogo anaona tofauti kabisa, naye ndiye mwenye shamba. Ndugu wa kitivo cha sheria, hasa mnaosoma hisba mwaka huu, naomba mtuandikie kwa ajili ya toleo lijalo, na mtaje dalili zenu.